Treni ya abiria wa kila siku Dodoma: reli ya zamani, SGR, au mabasi yenye njia yake?

Mkazi wa Nkuhungu

Ndugu zangu, naomba tulilinganishe jambo hili kwa utulivu, kwa sababu kila linapozungumzwa vijiweni huishia kwenye ushabiki wa SGR, reli yetu mpya ya kisasa, dhidi ya daladala, na hoja yenyewe ikapotea. Mimi naishi Nkuhungu na ofisi yangu iko Mji wa Serikali, Mtumba. Kila asubuhi napanda daladala hadi mjini, nashuka, kisha natafuta nyingine ya kuelekea Mtumba. Kutoka katikati ya mji hadi Mtumba ni takriban kilomita 17, na siku ambayo gari la pili limechelewa kujaa, natumia zaidi ya saa moja na nusu kwa safari isiyotoka nje ya jiji moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku, waendao mashariki asubuhi na kurudi magharibi jioni, tena kwa saa zilezile, wamekuwa wengi mno kwa usafiri tulio nao.

Naona njia tatu za kufikiria.

Ya kwanza ni reli ya zamani ya kipimo cha mita moja, ile iliyojengwa na Wajerumani, ambayo tayari inapita Zuzu, inaingia katikati ya mji, inakwenda Ihumwa na kuendelea Kikombo. Tuta lipo na ardhi ni ya reli. Ubaya wake ni kwamba treni zake ni za dizeli, mwendo ni mdogo, treni za mizigo na za safari ndefu zinaitumia, na haifiki Mtumba penyewe.

Ya pili ni SGR, ambayo inatumia umeme na imesanifiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Tatizo ninaloliona ni stesheni: ukitoka Dodoma kwenda mashariki unayofuata ni Igandu, na magharibi ni Bahi, na kila moja iko karibu kilomita 60 kutoka hapa. Katikati hakuna pa kushukia.

Ya tatu ni mabasi makubwa yenye njia yake barabarani, kama yale yaliyoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016.

Kuhusu nauli, kiwango cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha mwaka 2024 kwa daraja la kawaida la SGR ni Shilingi 69.51 kwa kilomita, kwa hiyo kilomita 17 zingetoka karibu Shilingi 1,180. Ninachoomba ni tulinganishe kwa gharama ya kujenga pamoja na gharama ya kuendesha kwa miaka ishirini, na tuseme kila njia ingempa abiria nini hasa: gari kila baada ya dakika ngapi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi.

Mhasibu wa Area C

Nakushukuru kwa kuanza na kilomita na shilingi. Niongeze hesabu ya mfukoni. Shilingi 1,180 mara mbili kwa siku, kwa siku 22 za kazi, ni karibu Shilingi 52,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichoanza Julai 2025 ni Shilingi 500,000, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mshahara huo ingeishia kwenye kipande kimoja tu cha safari, kabla hujalipia bodaboda ya kukufikisha stesheni na nyingine ya kukutoa stesheni hadi ofisini. Kiwango kilichopangwa kwa safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo mtu huifanya mara chache kwa mwaka, hakiwezi kuhamishwa kilivyo kwa mtu anayesafiri mara 44 kwa mwezi. Hapo lazima kuwe na tiketi ya mwezi, na pengo litakalobaki lijulikane nani analifidia.

Jambo la pili ni kupanda kwa gharama. Miradi ya reli za abiria wa mijini imekuwa ikizidi bajeti hata katika nchi zenye uzoefu wa karne mbili. Reli ya Elizabeth ya London ilipangiwa Pauni bilioni 14.8 na ifunguliwe Desemba 2018. Ilifunguliwa Mei 2022 kwa karibu Pauni bilioni 19. Wengi hudhani fedha zilikwenda kwenye mahandaki, lakini sehemu kubwa ya uchelewaji ilitokana na kuunganisha mifumo ya ishara, kwa sababu treni ileile ilitakiwa kupita katika mifumo mitatu tofauti bila kusimama. California nako, kuweka umeme katika reli ya Caltrain kati ya San Francisco na San Jose, takriban kilomita 82 za njia iliyokuwepo tayari, kulipanda kutoka Dola bilioni 1.98 hadi bilioni 2.44. Natoa mifano hii kwa sababu mwenzetu ameandika kwamba "tuta lipo", na maneno hayo mawili yamewahi kugharimu watu fedha nyingi.

Kwetu kuna kitu cha ziada ambacho London hawana. Mikataba ya vichwa, mabehewa na ishara huandikwa kwa dola, na nauli hukusanywa kwa shilingi. Shilingi ikishuka thamani, deni linakua hata kama hakuna msumari mmoja ulioongezwa.

Fundi Mstaafu wa Njia

Mbukwenyi. Nimetembea juu ya mataruma ya reli ya kati miaka mingi na sasa nimestaafu, kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaoufahamu.

Kijana wangu wa Nkuhungu, umeuliza swali sahihi ulipouliza dakika ngapi. Reli zote mbili tulizonazo hapa, ya zamani na SGR, kwa sehemu kubwa ni njia moja. Treni mbili zinazokabiliana hupishana kwenye njia za kupishana tu, yaani pale palipo na stesheni au kituo chenye reli ya pembeni. Tuseme kutoka njia moja ya kupishana hadi inayofuata treni inatumia dakika 12. Ya kwanza ikipita, ya upande wa pili inasubiri dakika hizo 12, kisha nayo inatumia 12 zake. Kwa hiyo hata ukinunua treni mia, katika kipande hicho huwezi kupitisha treni mbili za mwelekeo mmoja chini ya dakika 24, na ukiongeza muda wa kubadilisha ishara na wa abiria kushuka na kupanda, unakaribia nusu saa. Hapo hujaweka treni ya mizigo, na treni ya mizigo nzito haiondoki kwa haraka kama gari la abiria. Anayeahidi treni kila dakika kumi juu ya njia moja, mwulizeni njia za kupishana ziko wapi na ni ngapi.

Sasa tuje kwenye idadi ya treni, kwa maana hapa ndipo fedha za uendeshaji zinapojificha. Tuchukue safari ya Zuzu hadi Kikombo, tukadirie dakika 50 kwenda na 10 za kugeuza. Mzunguko mzima ni dakika 120. Ukitaka treni kila saa, unahitaji treni mbili na moja ya akiba, jumla tatu. Ukitaka kila dakika 20, unahitaji sita na moja ya akiba, jumla saba. Reli ni ileile na kilomita ni zilezile, lakini treni, madereva, mafundi na mafuta ni zaidi ya mara mbili. Mradi unapokosa fedha, tuta halipunguzwi kwa sababu limeshajengwa. Kinachopunguzwa ni zile saba kuwa tatu, na abiria aliyezoea dakika 20 anarudi kwenye daladala.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijaona likiandikwa popote. Karakana kubwa ya vichwa vya treni za reli ya zamani iko Morogoro, na kati ya Morogoro na sisi kuna kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambacho mto umekuwa ukikibomoa masika baada ya masika. Mafuriko ya kuanzia mwishoni mwa 2009 hadi Januari 2010 yalikikata vibaya sana. Treni ya mjini Dodoma ikiharibika wakati njia imekatika kule, itakaa imeegeshwa. Kwa hiyo katika bajeti ya njia ya kwanza wekeni karakana ndogo Ihumwa tangu siku ya kwanza, yenye shimo la ukaguzi na stoo ya vipuri. Huo mstari ndio hufutwa mapema fedha zikipungua, na kuufuta ni kosa kubwa.

Binti Kikombo

Shikamoo mzee. Mimi nauza mboga na kuku, sina ofisi Mtumba. Kwangu treni ni bora kuliko basi kwa sababu ya tenga. Kwenye daladala tenga langu linalipiwa kama abiria, na siku nyingine linakataliwa kabisa. Lakini gari likifika mjini saa mbili asubuhi halinisaidii, maana sokoni bei nzuri ni alfajiri. Naomba mnapohesabu mfikirie na sisi tusiosafiri kwa saa za ofisi.

Mwanafunzi wa Mipango Miji

Dada Kikombo amegusa kitu ambacho hata miji mikubwa imechelewa kukiona, kwamba ratiba iliyopangwa kwa ajili ya watumishi wa ofisini huacha nje wasafiri wengi. Caltrain niliyoona ikitajwa hapo juu ni mfano mzuri kwa upande huu: umeme ulipoanza kutumika kikamilifu Septemba 2024, waliongeza pia treni za mwisho wa wiki hadi kila nusu saa, kwa sababu mazoea ya kwenda ofisini yalikuwa yamebadilika. Hata hivyo bado wanahangaika kuziba pengo la fedha za uendeshaji. Fedha za kujenga zilipatikana, na za kuendesha zinaendelea kutafutwa.

Napenda tulinganishe na miji ya Afrika inayofanana na yetu zaidi, na wa kwanza ni Abuja, mji mkuu uliohamishwa kutoka pwani kama wetu. Reli yao ya mjini, takriban kilomita 45 zenye stesheni 12, iligharimu karibu Dola milioni 824 na kuzinduliwa Julai 2018. Mwaka 2020 huduma ilisimama wakati wa janga la UVIKO, vifaa vikaharibiwa na kuibwa katika kipindi ambacho hakuna treni iliyokuwa ikipita, na ikazinduliwa upya Mei 2024. Reli ya fedha nyingi kiasi hicho ilikaa miaka minne bila kubeba abiria, wakati mji wenyewe ulizidi kukua. Wa pili ni Addis Ababa, ambako treni za mjini zilianza mwaka 2015 kwa gharama ya karibu Dola milioni 475, zikiwa 41. Nauli iliwekwa chini sana, jambo ambalo kwa mnyonge ni jema, lakini makusanyo hayakutosha na vipuri vikawa shida, hata ikafika mahali treni nyingi zimeegeshwa na chache zilizobaki zikajaa kupita kiasi.

Dakar ndiyo inayonipa moyo. Desemba 2021 walifungua treni ya kilomita 36 kutoka katikati ya mji hadi Diamniadio, mji mpya ambao serikali yao imeujenga nje ya jiji kongwe, jambo linalofanana sana na Mtumba yetu. Treni hizo zinaweza kutumia umeme na dizeli, na zinapita kwa kufuatana karibu, kwa sababu walijenga njia yao wenyewe badala ya kubanana na mizigo.

Afrika Kusini, Gautrain, iliyoanza mwaka 2010 na yenye urefu wa takriban kilomita 80, ilichagua njia nyingine: mwendeshaji binafsi, na jimbo la Gauteng likaahidi kumfidia iwapo abiria hawatafikia idadi iliyokubaliwa. Huduma imekuwa ya kiwango cha juu na ya kutegemewa, ila jimbo limekuwa likilipa fidia hiyo mwaka hadi mwaka. Mimi sioni kosa katika kulipa fidia, maana hata barabara hailipi nauli. Kosa lingekuwa kutoiandika mapema ili kila mtu aijue.

Mhasibu wa Area C

Na Nairobi je? Treni yao ya Mombasa si ya kila siku kwa abiria wa mjini, lakini inafundisha kuhusu dizeli. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka Shilingi za Kenya 1,000 hadi 1,500, na sababu iliyotolewa ilikuwa bei ya mafuta. Nusu nzima kwa siku moja! Hapo ndipo ninapoona nguvu ya SGR yetu ya umeme, na ndiyo sababu siwezi kukubali haraka kwamba reli ya zamani ni rahisi. Ni rahisi kuianzisha. Baada ya miaka kumi ya kununua dizeli, sina hakika kama itabaki rahisi.

Dereva wa Hiace

Naomba na sisi tusikilizwe, kwa maana kila mnaposema "abiria arudi kwenye daladala" mnasema kama ni kurudi jehanamu. Mimi naendesha njia ya mjini na Ihumwa mwaka wa nane sasa. Gari langu linachelewa kujaa kwa sababu nikiondoka na abiria sita hesabu ya tajiri haitimii, na asiyepeleka hesabu leo, kesho ufunguo anapewa mwingine. Si ukaidi. Tukilipwa kwa kilomita badala ya kwa kichwa cha abiria, tutaondoka kwa saa kama treni.

Tena fikirieni hili: treni ya abiria 300 inayopita kila dakika 20 inabeba watu 900 kwa saa. Magari ya abiria 30 yakiondoka kila dakika mbili yanabeba watu haohao 900, na abiria hasubiri zaidi ya dakika mbili. Sisemi msijenge reli. Nasema kabla ya reli kuna kitu cha kufanya mwaka huu.

Fundi Mstaafu wa Njia

Ndugu dereva, hesabu yako ni sahihi na hakuna aliyekudharau. Ila itazame kwa upande wa pili. Magari 30 kwa saa kwa mwelekeo mmoja yanahitaji madereva 30 na makondakta 30, na yote yanapita barabara ileile ya Dar es Salaam pamoja na malori. Idadi ikifika mara tatu ya hiyo, barabara inajifunga yenyewe. Treni ukiiongezea mabehewa inabeba watu 600 kwa dereva yuleyule. Kwa hiyo swali ni lini idadi inafika huko, na ikifika itukute tumejiandaa.

Mnakumbuka treni ya mjini ya Dar es Salaam, ile ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe? Ilianza Oktoba 2012 juu ya reli za zamani, kwa mabehewa yaliyokarabatiwa, nauli ikiwa Shilingi 400 kwa upande wa Ubungo. Haikusubiri mradi wa mabilioni. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ilipita asubuhi na jioni tu, na mchana reli ikawa kimya. Lakini ilionyesha kwamba watu wapo, kwa maana ilijaa tangu mwanzo.

Mkazi wa Nkuhungu

Nimesoma yote na mmenihamisha mahali nilipokuwa. Nilianza nikiwa na imani kwamba SGR ndiyo jibu, kwa kuwa nimeipanda kwenda Dar es Salaam na nikaona fahari ya nchi yangu ikikimbia juu ya reli. Sasa naona kwamba sifa zake za safari ndefu ndizo zinazoifanya isifae kwa mimi ninayesafiri kilomita 17. Treni yenye uwezo wa kilomita 160 kwa saa ikisimamishwa Nzuguni, Ihumwa na Mtumba haitaufikia mwendo huo hata mara moja, na kila kusimama kwake kungechelewesha anayetoka Dar es Salaam nyuma yake. Kwa Bahi na Igandu ni jambo jingine: kwa kiwango cha Shilingi 69.51, kilomita 57 za Bahi ni karibu Shilingi 4,000, na treni mbili za asubuhi na mbili za jioni zingewafaa sana wakulima wa mpunga na wanafunzi wa kule bila kuhitaji stesheni mpya hata moja.

Kwa mjini, ningeanza na mabasi yanayolipwa kwa kilomita, kama alivyosema ndugu dereva, yaondoke kwa saa iliyoandikwa kituoni hata kama yana abiria sita. Wakati huohuo reli ya zamani ipewe njia mbili za kupishana kati ya Zuzu na Kikombo, karakana ya Ihumwa, na treni tatu za kuanzia, ya kwanza ikitoka Kikombo kabla ya saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya matenga. Kila saa moja si huduma ya kujivunia, nakiri, lakini ninaipendelea kuliko dakika 20 zitakazodumu mwaka mmoja.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Kutoka stesheni ya Ihumwa hadi majengo ya wizara, abiria anafikaje? Tukimwachia bodaboda, tumemrudishia gharama ileile tuliyotaka kumpunguzia.

Dereva wa Hiace

Hicho kipande kaka, tuachieni sisi. Hiace kumi zinazosubiri treni ikifika, tiketi iwe ileile moja ya treni, nasi tulipwe kwa safari. Treni ikichelewa, tunasubiri, kwa kuwa tutakuwa tunalipwa kwa kusubiri pia.

Mhasibu wa Area C

Basi hiyo ya kusubiri iingie kwenye bajeti, kwa mstari wake, pamoja na tiketi ya mwezi. Nitaandaa jedwali la miaka ishirini nikianza na treni tatu na Hiace kumi, nikiweka bei ya dizeli kama ilivyo sasa na kisha ikiwa imepanda kwa nusu. Mzee Fundi, naomba unisaidie na muda wa maisha wa magurudumu na breki, maana hapo sina ujuzi.

Fundi Mstaafu wa Njia

Nitakuandikia. Anza na magurudumu, kwa maana treni inayosimama kila kilomita tatu huyala kuliko ile ya safari ndefu, na ni lazima yachongwe upya kwa mashine ambayo Ihumwa haipo. Iongeze na hiyo kwenye jedwali.

Binti Kikombo

Na mlango wa behewa uwe mpana. Tenga la kuku sita halipiti kwenye mlango wa kawaida.